Majani Sitini Ndani ya Gazeti Bichi

Hospitali nzima ilimwita Bi Mkasi, kwa sababu ya ule mkasi wa kukatia matawi uliokaa mfukoni mwa aproni yake kwa miaka thelathini na moja. Mimi nilimwita Shangazi, kwa kuwa alikuwa dada wa baba yangu. Na niseme mapema, kabla hujaanza kunionea huruma: katika haya nitakayosimulia, mimi si mtu mzuri. Wapo wabaya kunizidi, nao nitawataja, lakini wao hawakuwa damu yake.

Aliajiriwa kuwa mfagiaji wa wodi ya wazazi akiwa na miaka ishirini na sita. Wakati huo mbele ya wodi palikuwa na uwanja mtupu wa vumbi na kokoto. Waume, mama wakwe, dada na majirani waliokuja kusubiri habari za kujifungua walisimama juani kutwa, wamejifunika vichwa kwa mitandio na mifuko. Siku moja bibi mmoja aliyekuwa akimsubiri mkaza mwanawe alianguka kwa jua. Akaingizwa ndani kwa machela, akalazwa, na mjukuu akatoka hospitalini kabla yake. Watu walilicheka jambo hilo wiki nzima. Shangazi hakucheka. Aliokota mikebe ya maziwa ya unga kwenye pipa la taka la jikoni, akaotesha miche, na mvua zilipoanza akapanda sita, mitatu upande huu wa mlango na mitatu upande ule. Hakuna aliyemtuma.

Msimamizi wake alikuja kusimama pale, mikono kiunoni. "Hiyo miti itaota majani, na majani yataanguka. Nani atafagia?"

"Si mimi? Kwani mmeniajiri hapa kuimba?"

Basi akafagia. Baada ya miaka kadhaa walimbadilisha cheo wakamwita mtunza bustani, cheo ambacho hakikumwongezea chochote ila jembe. Ule uwanja ukawa mahali pazuri kuliko pote hospitalini. Yaliwekwa mabenchi chini ya vivuli, na wapo watu wazima mjini leo ambao baba zao walipewa habari za kuzaliwa kwao wakiwa wamekaa pale. Mumewe alimvumilia miaka tisa, kisha akaondoka akisema kwamba mke wake ameolewa na miti. "Miti haikoromi," Shangazi alimjibu. Alikuwa akilisimulia jibu hilo mara kwa mara, nasi tukicheka, mpaka nilipokua nikatambua kwamba hulisimulia tu siku ambazo moyo wake ni mzito.

Kazi yangu niliipata kwa mdomo wake. Alikwenda kwa katibu wa hospitali wa zamani, mzee mpole ambaye sasa amestaafu, akasimama mbele ya meza yake na udongo mikononi, akasema, "Nina mtoto wa kaka yangu. Ana mwandiko mzuri na haibi." Nikawa karani wa masijala. Masijala ni chumba kimoja chenye dirisha dogo la kupokelea barua, makabati ya chuma na harufu ya gundi. Barua ikija naifungua, naipiga mhuri wa tarehe, natia saini yangu ndogo, naiweka kwenye faili lake na kulipeleka kwa mkubwa. Nimefanya hivyo miaka kumi na miwili. Mwandiko bado ni mzuri. Hilo la kuiba, utaamua mwenyewe.

Sasa nikueleze habari ya vile vidoa. Jani la miti ile likianguka, baada ya siku chache za unyevu lilitoka vidoa vidogo vyeusi, kana kwamba mtu amelinyunyizia pilipili manga iliyosagwa. Ukipitisha kidole unahisi mkwaruzo. Ni kuvu. Jani likiwa hai haliguswi. Kuvu inangoja jani life, lidondoke, ndipo ianze kulila polepole mpaka libaki udongo mweusi. Nyuma ya chumba cha kufulia Shangazi alikuwa na shimo la majani, na udongo uliotoka humo ndio uliolisha maua ya hospitali nzima. Jina la kitabuni la kuvu ile hakulijua. Aliwaita vibarua wake. "Mimi nafagia juu juu tu," alipenda kusema. "Kazi yenyewe wanaimaliza hawa. Wangegoma mwaka mmoja, mngeingia wodini kwa ngazi."

Miaka mitatu iliyopita tulipata katibu mpya. Wafanyakazi hawakuchukua hata mwezi kumpa jina la Bwana Usafi. Alipangusa kiti kwa leso kabla ya kukaa, hata kiti chake mwenyewe. Aliamuru mawe yote ya kando ya njia yapakwe chokaa. Sikatai kwamba vyoo vilipata sabuni wakati wake. Mwenye haki apewe haki yake. Lakini alikuwa mtu wa kutangaza kwanza na kuuliza baadaye, na akishatangaza, basi hata ukweli ukija unakuta mlango umefungwa.

Siku moja kwenye sanduku la maoni ilikutwa karatasi. Dada wa mzazi mmoja aliandika kwamba mtoto anapiga chafya, na kwamba nje ya dirisha kuna majani yenye ukungu mweusi. Bwana Usafi akatoka, akaokota jani moja kwa leso, akaja nalo kwenye kikao cha Jumatatu akiwa amelishika mbali na mwili wake.

"Hii ni fangasi," akasema. "Fangasi, mbele ya wodi ya watoto wachanga! Tutapima. Ikionekana miti ina ugonjwa, tutaikata yote, tuweke matofali pale mbele, pawe safi."

Shangazi alikuwa amekaa nyuma karibu na mlango, mahali pa watu wa mafagio. Akasimama. "Mkuu, hao wanakaa kwenye majani yaliyokufa. Juu mtini hawapo."

"Ndiyo maana nasema tutapima, mama."

"Pimeni. Asiye na kosa haogopi kupimwa."

Akaambiwa achume majani mabichi kumi kutoka kila mti, yapelekwe maabara ya mimea iliyoko mji mwingine, safari ya saa tano kwa gari. Kazi hiyo aliifanya kwa moyo mmoja. Alipanda ngazi mwenyewe, na umri wake ule, akachagua majani mazuri kuliko yote, kama mama anayempeleka mwanawe shule siku ya kwanza. Majani sitini. Kisha akayafunga.

Na hapa naomba unisikilize vizuri, maana balaa lote limo humu. Kwa miaka mingi Shangazi alikuwa akipeleka miche kwenye shule na zahanati za mbali. Mche safarini unakufa kwa kiu, kwa hiyo unaufunga kwa gazeti lililoloweshwa maji, unautia ndani ya mfuko wa nailoni, unakaza kamba. Mikono yake ilijua hivyo tu. Basi majani ya kupimwa nayo akayafunga vivyo hivyo, mabunda sita, kila moja na gazeti bichi na nailoni yake. Mimi niliandika vibandiko, kwa ule mwandiko wangu mzuri. Hakuna hata mmoja wetu aliyejua kwamba jani la kupelekwa maabara hukaushwa, likalazwa katikati ya karatasi kavu.

"Yasije yakafika yamenyauka," alisema akikaza fundo la mwisho kwa meno, "wakasema miti yetu ina kiu."

Ilikuwa Alhamisi. Ijumaa gari likaharibika klachi. Halafu Jumamosi na Jumapili. Kisha wiki iliyofuata dereva akasubiri kipuri, na kipuri nacho kikaja ambacho sicho. Mabunda sita yakakaa nyuma ya kiti cha gari juani. Yalifika maabara siku ya tisa.

Majibu yalirudi baada ya wiki tatu, bahasha moja, kurasa mbili. Niliifungua mimi, kwa sababu ndiyo kazi yangu. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na jedwali na sentensi moja chini yake: kuvu imeonekana kwenye majani yote sitini. Nikafungua wa pili. Uliandikwa hivi, na naujua kwa moyo: kuvu hii huota juu ya majani yaliyokufa tu, haina madhara kwa mti ulio hai wala kwa binadamu, sampuli zilitufikia zikiwa zimekwisha kufa na kulowa, tunashauri zichukuliwe upya, zikiwa kavu.

Nikapiga mhuri kurasa zote mbili, nikatia saini, nikapeleka faili. Bwana Usafi alisoma ule wa kwanza akaipiga meza kwa kiganja.

"Yote sitini! Nilisema nini mimi?"

"Mkuu, kuna ukurasa wa pili."

"Hayo ni maelezo yao ya kitaalamu. Weka kwenye faili."

"Ila unasema kwamba..."

Akaniangalia juu ya miwani. "Karani. Kazi yako ni kuzipokea barua zangu au kunisomea?"

"Kuzipokea, Mkuu."

"Na zinazopita mikononi mwako ni siri ya ofisi. Au nimekosea?"

"Hujakosea, Mkuu."

Nikarudi masijala nikakaa. Siku zile kulikuwa na uvumi kwamba makarani watapunguzwa. Nilikuwa na mke, watoto wawili na mtihani wa kupandishwa cheo mwezi uliofuata. Mkono usioweza kuukata, ubusu, nikajiambia, na nikaona nimesema neno la busara. Nilimjua pia Shangazi. Angeuona ukurasa ule angepanda nao juu ya meza ya mkubwa, na hospitali nzima ingejua umetoka dirisha gani. Hivi ndivyo nilivyojipangia sababu zangu, moja juu ya nyingine, na zote zilikuwa za kweli, na zote kwa pamoja zilikuwa ni woga.

Saa kumi alasiri akaja dirishani, ufagio mkononi.

"Imekuja?"

"Imekuja, Shangazi."

"Hebu nisomee, mwanangu. Miwani nimeisahau nyumbani."

Nikamsomea ukurasa wa kwanza. Jedwali lote, mti wa kwanza, mti wa pili, hadi wa sita. Nikamsomea ile sentensi. Nikanyamaza. Yeye akawa bado anasubiri, ameinamisha kichwa kusikia vizuri.

"Ndiyo basi?"

"Ndiyo basi."

Akaushika ukingo wa dirisha. "Kwenye majani mabichi? Niliyochuma mimi mwenyewe?"

"Yote sitini."

"Miaka thelathini na moja," akasema polepole, "nakitazama kitu na sikioni. Na watoto wote wale wamepita pale chini." Akageuka akaenda zake, na ufagio akausahau umeegemea ukuta wa masijala.

Aliamini. Hilo ndilo lililokuwa baya kuliko yote. Angetukana, angebisha, ningepata pa kujificha. Badala yake alizunguka wiki nzima kama mtu aliyefiwa. Alikwenda kwa muuguzi mkuu wa wodi kumwomba msamaha. Akaenda mpaka kwa mzazi aliyekuwa amelazwa na mtoto mwenye kikohozi, akamwambia, "Nisamehe mama, mimi ndiye niliyeipanda." Mzazi hakuelewa anazungumziwa nini. Nami nilikuwa naendelea kupiga mihuri.

Kibali cha kukata miti kilichukua muda, kwa hiyo miti ikawa bado imesimama. Na ubishi wa Shangazi, nao haukuwa wa kuzikwa kwa wiki moja. Alimtafuta dereva akamuuliza: mabunda yangu yalikaa siku ngapi? Siku tisa, akaambiwa. Akapanda ngazi tena, akachuma majani mawili kwenye tawi moja, akaenda nayo nyumbani. Moja akalifunga kwa gazeti bichi na nailoni, akaliweka dirishani juani. La pili akalilaza ndani ya kalenda ya zamani chini ya godoro. Akahesabu siku tisa.

Asubuhi ya Jumapili akaniita. Nilimkuta jikoni, amevaa gauni lake la kutokea, na mezani kuna sahani mbili.

"Kaa. Angalia," akasema. "Haya ni ndugu, baba mmoja mama mmoja. Hili la kwenye kalenda, unaona doa?"

"Sioni."

"Hulioni kwa kuwa halipo. Haya, tazama hili la kwenye nailoni." Lilikuwa la kahawia, limelegea, na juu yake pilipili nyeusi imetapakaa. "Hili lilikosa hewa likafa. Likishakufa, vibarua wanafanya nini? Wanakuja kazini! Hawakuliua, mwanangu. Walikuja msibani."

Alicheka mpaka akajipiga paja. Sikuwa nimemwona hivyo tangu kikao kile.

"Niliyaua mimi kwa mikono yangu hii, nikawapelekea wataalamu maiti, eti wapime kama ni mzima! Wangesema nini, maskini? Kesho naenda nazo kwa mkubwa. Akiona kwa macho yake ataelewa. Si mtu mjinga yule."

Mtu ambaye hakumaliza shule alikuwa amefika, kwa sahani mbili na kalenda, mahali palepale maabara ilipofika kwa darubini. Nami nilikuwa na karatasi ya kumwambia hivyo. Nikanywa chai yake. Nikala mkate wake. Nikasema, "Umefanya kazi kubwa, Shangazi." Shukrani ya punda ni mateke, lakini punda angalau anapiga teke mchana kweupe.

Kesho yake nilichelewa kumkwepa. Nilikuwa ofisini kwa mkubwa napanga barua za kusaini alipobisha hodi. Aliingia na sahani zake zimefunikwa kitambaa cheupe kilichopigwa pasi.

Bwana Usafi akavuta kiti nyuma. "Mama, hivyo ni vyombo vya kulia?"

"Ni vyangu, Mkuu, na vimeoshwa. Naomba uangalie tu." Akafunua. Akaeleza yote, tangu gazeti hadi siku ya tisa, kwa utaratibu, bila kupandisha sauti. Sijawahi kusikia mtu akieleza jambo vizuri namna ile ndani ya ofisi ile.

"Maabara yenye wataalamu imepima majani sitini," Bwana Usafi akasema. "Wewe una mawili. Kwenye sahani."

"Kosa ni langu, Mkuu, nilifunga vibaya. Wapigieni simu moja tu. Waulizeni: yale majani yaliwafikia yakiwa hai au yamekufa? Jibu la neno moja."

Akakuna kidevu. Kwa dakika ile, naapa, nilimwona anasita. Alikuwa tayari kusaidiwa. Akageuka akaniangalia.

"Karani, ripoti umeiona. Inasema nini?"

Kabati lililokuwa na faili lilikuwa hatua tatu kutoka niliposimama, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu. Nilimtazama usoni nione anataka nisome nini. Kazi ya karani inakufundisha hivyo, kusoma uso kabla ya karatasi. Nikaona anataka mambo yaishe.

"Inasema kuvu imeonekana kwenye majani yote sitini, Mkuu."

"Umesikia, mama."

Shangazi akafunika sahani zake. Akanipa tabasamu dogo, la kuniondolea aibu, kana kwamba mimi ndiye niliyekataliwa. "Kama mwanangu amesoma hivyo," akamwambia mkubwa, "basi ndivyo ilivyoandikwa."

Miti ilikatwa Jumamosi. Fundi wa msumeno alikuja na vijana wake saa moja asubuhi, na hadi saa nane mchana palikuwa peupe. Wanaosubiri walihamishiwa upande wa maegesho, wakasimama juani. Visiki vilikuwa vyeupe, safi, havina tundu wala uozo. Fundi mwenyewe alipitisha kiganja juu ya kimoja akauliza, "Mama, nani kakwambia huu mti unaumwa? Mbao hii ungeweza kuchongea kitanda cha harusi." Shangazi alikuwa anafagia. Alifagia majani ya miti sita, mabichi yote, mpaka jioni, akakataa kusaidiwa, akayapeleka shimoni mwake toroli baada ya toroli.

Baada ya siku kumi alikuja dirishani kwangu. Safari hii miwani alikuwa ameivaa.

"Nipe lile faili nilisome mwenyewe," akasema. "Nataka nijue kuvu ile waliiitaje. Nisije nikafa silijui jina lake."

Ningeweza kusema liko kwa mkubwa. Sijui kwa nini sikusema. Labda nilichoka kuwa mwerevu. Nikalitoa kabatini, nikalisukuma dirishani. Alisoma amesimama, kidole kikifuata mistari, midomo ikitamka. Alipomaliza ukurasa wa kwanza akaufunua. Kwenye wa pili kidole kilikwenda taratibu, kikafika mwisho, kikarudi juu, kikashuka tena. Kisha kikahamia pembeni, kwenye mhuri.

"Huu mhuri ni wako?"

"Ni wangu, Shangazi."

"Na saini?"

"Na saini."

"Tarehe hii miti ilikuwa imesimama."

"Ndiyo."

"Siku ya sahani ulikuwa unajua."

Nilikuwa nimeandaa maneno kwa wiki kadhaa, ya watoto wangu, ya uvumi wa kupunguzwa, ya mkubwa na macho yake. Hata moja halikutoka. Yeye alilifunga faili, akakunja vizuri pembe iliyokuwa imejikunja, akanirudishia kwa mikono miwili kama mtu anavyorudisha kitu cha mwenyewe.

"Asante, Bwana Karani," akasema, akaondoka.

Mwezi uliofuata matofali yalikuwa yamekwisha kuwekwa, na Bwana Usafi akafanya sherehe ya kufungua uwanja mpya. Walikuja wageni. Ilibidi yakodishwe mahema, maana jua lilikuwa kali na pale mbele hapakuwa tena na mahali pa kukaa. Baada ya hotuba, akatangaza kwamba kuna vyeti vya shukrani kwa wafanyakazi bora, na cha kwanza ni cha mama yetu Bi Mkasi, ambaye kwa bidii yake alikusanya majani yaliyosaidia kugundua ugonjwa uliokuwa ukihatarisha watoto wetu. Cheti kilikuwa ndani ya fremu ya kioo. Maandishi yake niliyaandika mimi. Waliniletea kwa sababu ya mwandiko.

Shangazi akapanda jukwaani kwa aproni yake. Akapokea fremu, akaisoma, akaomba kipaza sauti. Nilikuwa nimekaa mstari wa tatu pamoja na makarani wenzangu, na nilijua sasa ndiyo yanasemwa: ukurasa wa pili, mhuri, saini, jina langu.

"Majani niliyachuma mimi," akasema. "Nikayafunga mimi, nikayafunga vibaya, yakafa njiani. Miti ilikuwa mizima. Kuvu ile haimdhuru mtu. Kosa ni langu, asilaumiwe mwingine."

Mgeni mmoja akamnong'oneza mwenzake. Bwana Usafi akacheka, akachukua kipaza sauti kwa upole. "Mnauona unyenyekevu huo? Mama wa watu bado anajilaumu! Mpigieni makofi."

Makofi yakaanza mbele, yakaja nyuma. Shangazi hakushuka. Alisimama na fremu yake kifuani, akatazama juu ya vichwa vya watu mpaka akanipata. Hakunikunjia uso. Alikuwa ananisubiri tu, kama alivyonisubiri siku ile dirishani, nilipomsomea ukurasa wa kwanza nikanyamaza. Nilichotakiwa kufanya ni kusimama na kusema ripoti ina kurasa mbili. Miguu nilikuwa nayo. Maneno nilikuwa nayo kwa moyo.

Karani mwenzangu akanigusa kiwiko. "Si shangazi yako yule? Mbona hupigi?"

Nikapiga makofi.